Maonyesho Yaanzie Dikoni

(Mhadhara wakati wa ufunguzi wa maonyesho ya picha, video na sauti za mwamba wa Pemba, Mji Mkongwe, Unguja)

Assalaam alaykum. Mabibi na mabwana, walimu wangu na wasanii wenzangu,

Nimeombwa nieleze jinsi kazi ya msanii inavyoweza kusaidia hifadhi ya bahari. Wengi wenu mnajua nitakalolisema, kwa sababu nalisema katika kila ukumbi ninaopewa nafasi: kazi inayohusu mwamba ionyeshwe kwanza dikoni, pale pwani zinapofikia mashua za watu wanaovua katika mwamba huo, ndipo ije mjini. Kazi mnazoziona leo zimekwisha kuonyeshwa Pemba, na sitakubali utaratibu huo ugeuzwe ati kwa sababu wanunuzi wanashukia Unguja.

Waliotoka chumba cha video wameniuliza mbona hakuna mandhari. Mbona hatuoni ufukwe wala kisiwa, bali pango moja la jiwe, mkono wa mtu na pweza? Swali hilo nitalijibu kwa urefu, kwa kuwa hoja yangu yote imo humo.

Wanawake wanaochokoa pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukabaki wazi, hawaendi kubahatisha. Kila mmoja ana mapango yake anayoyajua, na mengine alionyeshwa na mama yake au bibi yake. Huyapitia kila maji yakitoka, kwa sababu pweza akishatolewa, mwingine huja akahamia humo humo, na dalili ya kuwa pango lina mwenyewe ni vigamba vya kaa na makombe matupu yaliyorundikana mlangoni. Elimu hiyo ni mali, na mwenye mali haitangazi. Nilipokwenda kuomba ruhusa ya kupiga video, mama niliyeelekezwa kwake alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Piga, mwanangu, lakini atakayetazama asijue pa kupita." Sharti hilo ndilo lililoipa kazi hii umbo lake. Kamera ilikaa karibu na jiwe, na nje ya picha nikaacha minazi, vilima na kila alama ambayo mtu wa kijiji cha pili angeifuata.

Tulipoionyesha dikoni baada ya sala ya Isha, tanga kuukuu likiwa ndiyo pazia letu, watu walitulia kwa sehemu ya kwanza. Ilipofika sehemu iliyopigwa chini ya maji, pweza jike akiwa amejikunja chini ya vishada vya mayai vilivyoning'inia kwenye dari la pango, akiyapulizia maji, ubishi ukazuka. Pweza jike hutaga mara moja maishani mwake, huyalinda mayai bila kwenda kutafuta chakula, na hufa yakishaanguliwa. Wanawake waliwalaumu wazamiaji kwamba ndio wanaomtoa jike huyo huko ndani ambako mtu wa miguu hafiki. Wazamiaji wakajibu kwamba wachokoaji ndio wanaowatoa wadogo. Kutoka hapo wakaingia katika suala la kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, kama wanavyofanya wenzao wa Kisiwa Panza, jambo linalowezekana kwa sababu pweza hukua haraka mno. Nani atalinda sehemu iliyofungwa, nani ataingia kwanza siku ya kufungua, mjane asiye na mashua atakula nini katika miezi hiyo: hayo ndiyo maswali ya hifadhi, na hakuna hata moja nililowahi kuulizwa katika ukumbi wa mjini.

Najua atasimama mtu aseme kwamba picha haizuii juya, ule wavu wa kukokota. Ni kweli, haizuii. Linalozuia juya ni kamati ya wavuvi yenye boti na mafuta ya doria. Lakini kamati haipati nguvu bila watu wake kukubaliana, na makubaliano hayaletwi na bango lililoandikwa na mgeni. Misali, kisiwa cha Pemba kilichotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, inatufundisha jambo hili: wavuvi walizungumziwa kwa mafundisho ya dini yao kuhusu amana ya viumbe, nao wakaelewa, kwa kuwa maneno yalitoka ndani ya maisha yao. Sanaa nayo inaweza kutoka humo humo, msanii akiwa tayari kupokea masharti.

Sauti mnayoisikia ukumbini, ile kama mafuta yanayokaangiza, si hitilafu ya spika. Ni kamba wadogo wanaofyatua koleo zao ndani ya matumbawe, na kila aliyezamia anaijua. Wanasayansi wameonyesha kwamba vifaranga vya samaki huifuata sauti ya mwamba ili kupata mahali pa kukaa. Joto la bahari la 1998 lilipoua matumbawe mengi upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, hatukuwa na rekodi za kutuonyesha jinsi sauti hiyo ilivyobadilika. Sasa tuweke rekodi, na nakala zikae Pemba.

Nilikusudia kuzungumzia mikoko, na wakulima wa mwani ambao kotonii yao inakufa kwa joto la maji, lakini muda haunitoshi. Niseme la fedha tu. Nimeona picha za matumbawe zikiuzwa kwa jina la hifadhi, na kijiji kisipate hata taarifa, na jambo hilo linaniudhi sana. Nusu ya bei ya kila kazi iliyomo humu inakwenda kwa kamati ya wavuvi kwa ajili ya mafuta ya doria, kwa mkataba uliosainiwa mbele ya sheha. Mkataba umebandikwa mlangoni, kando ya orodha ya bei. Tafadhali usomeni kabla ya kununua, na msanii mwingine yeyote akiwauzia kazi kwa jina la bahari, mwombeni awaonyeshe wake. Wasanii mnaotaka kwenda Pemba msimu ujao, tuonane hapa baada ya sala. Kikao cha kwanza kitakuwa na kamati, na kamera zitabaki mikobani mpaka wao waseme.