Msiniambie Redio Mbovu, Nionyesheni Waya

Haya, huko nyuma mnanisikia? Mic inakatakata. Nyie mtasema mic mbovu, mi nasema ni waya wake, na kwa hiyo mada tayari imeshaanza, karibuni.

Nimeombwa niongelee namna ya kugawa umeme wa DC kutoka kwenye betri kwenda kwenye redio zetu za kubeba, nyie wa 5H, yaani maredio wa kujifurahisha wa Tanzania wenye alama ya wito inayoanza na 5H, na nyie wa kujitolea kwenye maafa. Kwa nini tunahangaika na redio wakati kila mtu ana simu, hiyo sirudii. Aliyekuwepo Dar mafuriko ya Desemba 2011 anajua, na aliyekuwa mdogo kipindi kile basi anakumbuka Mei 2024 kebo za baharini zilipokatika, watu wameshika simu wanaangalia kiduara kinazunguka tu. Na leseni za redio za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, sio zangu leo, kuna dada atakuja nazo baada ya chai. Mi nina dakika 40 na waya.

Sasa. Mtu ananunua redio. Ameitafuta mwaka mzima, ameuliza bei kwa watu kumi, ameitumiwa na shemeji yake kutoka nje, anaishika kama yai. Betri nayo anaenda kuchagua Kariakoo, anaigonga, anaitikisa, anauliza waranti. Halafu ukifika waya wa kuunganisha hivyo vitu viwili anasema "aah, kuna kipande kilibaki fundi alipofunga umeme nyumbani." Hicho kipande ndo kinanifanya nije kusimama hapa kila mwaka na nywele zimeshaniisha.

Wanaojua stori ya Pugu waniwie radhi, wengine hamjaisikia. Tulienda kule vilimani kufanya mazoezi, redio ya HF, ile ya masafa ya mbali, ya wati 100, betri ya gari ya N70 nzima kabisa, imelala kwenye chaji usiku kucha. Vijana wamefunga antena vizuri, mi nimekaa na kahawa yangu sina neno. Wakawasha. Kusikiliza, safi, watu wanasikika kama wako Chanika. Kijana akabonyeza PTT, kitufe cha kuongelea, akasema neno moja, redio ikazima. Ikawaka yenyewe. Akabonyeza tena, ikazima tena. Basi hapo ikaanza kazi ya kutafuta mchawi.

Mchawi wa kwanza betri. "Mzee, betri imekufa." Akatumwa mtu na bodaboda mpaka Gongo la Mboto kuazima betri nyingine, saa nzima imepotea, mtu karudi kaipakata betri mapajani na tindikali imemtoboa suruali. Wakafunga. Redio ikazima vilevile. Mchawi wa pili redio, na hapo mwenye redio akanuna, maana ni yake na ni mpya. Mchawi wa tatu antena, wakaishusha wakaipandisha. Mi nikawauliza, mna mita ya kupimia volti? Wanayo, iko kwenye begi, haijatoka tangu asubuhi!

Nikamwambia kijana weka mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, sio kwenye klipu, mwenzako abonyeze. 12.2. Betri ya maji ambayo haina kazi ukiikuta na 12.7 imejaa, sasa ukiivuta ampea 20 ikashuka mpaka 12.2 hujaonewa, hiyo betri ni nzima. Sasa peleka mita nyuma ya redio, palepale umeme unapoingilia, bonyeza. 9.6, halafu ikazima. Mnanielewa? Volti 2.6 zimetoka kwenye betri na hazijafika kwenye redio. Redio nyingi za aina ile zimeandikwa 13.8 kupungua au kuzidi asilimia 15, yaani ukiipa chini ya 11.7 hapo ushaenda nje ya makubaliano, yenyewe inajizimia.

Tukafuata waya. Kumbe betri iko kwenye buti la gari, na gari liko juani, na vijana wanataka kukaa chini ya mwembe, kwa hiyo wamerefusha. Mita 5 za waya wa 1.5, yaani milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, umeungwa kwa kusokota na tepu. Sasa hesabu, na hii muiandike: mita 1 ya waya wa 1.5 ikipitisha ampea 20 inakula kama robo ya volti, 0.24. Mita 5, si volti 1.2? Hapana! Umeme unaenda na unarudi. Nyekundu mita 5, nyeusi mita 5, jumla mita 10, volti 2.4. Zile 0.2 zilizobaki zilikuwa pale kwenye kusokota. Mchawi huyo hapo amelala kwenye majani na watu wanamruka.

Na hizo volti hazipotei hewani jamani, 2.4 mara ampea 20 ni wati 48, zinaupasha waya moto. Mnapika waya halafu mnashangaa betri inaisha mapema.

Unajua tulichofanya? Tulibeba betri tukaiweka chini ya mwembe. Tukatumia waya uliokuja na redio kwenye boksi. Basi. Jua limeshaanza kushuka.

Sasa najua kuna fundi umeme hapa, namuona ameshakunja uso, anataka kusema "mbona waya huohuo wa 1.5 unawasha taa nyumba nzima na 2.5 inabeba pasi na hakuna kinachozima?" Fundi wangu, pale una 230. Wati 240 kwa 230 ni ampea 1 na kidogo, kwa 12 ni ampea 20. Mzigo uleule, ila wa 12 unapita na umati wa watu mlangoni. Na ukipoteza volti 2 kwenye 230 hata feni haijui, ukipoteza volti 2 kwenye 12 umeshakatwa moja ya sita ya mshahara. Ndo maana akili ya umeme wa ukutani ukiileta kwenye betri inakudanganya. Mwingine atasema "lakini waya wa 1.5 unaruhusiwa kubeba ampea kumi na ngapi huko, hauungui." Hatuongelei kuungua, hayo nakuja nayo, tunaongelea redio kufika na njaa. Waya unaweza usiungue na bado ukakuibia.

Kwa hiyo mambo ni mawili tu, fupisha au nenepesha. Waya wa milimita za mraba 6 kwa ampea zilezile unakula 0.06 kwa mita, mita moja na nusu kwenda na kurudi haifiki hata 0.2. Na kama umekwama porini na waya mwembamba, punguza wati! Toka 100 njoo 50, wa upande wa pili atakuona umeshuka nusu ya alama kwenye mita yake ya S, ile ya nguvu ya mawimbi, hata hatakuuliza. Vijana wanaona aibu kupunguza wati sijui kwa nini, kama vile mtu atawatangaza.

Na waya ukinunua, kwangua. Kuna waya zimejaa mtaani nje rangi ya shaba ndani alumini, ukikwangua na wembe unaona weupe. Ni mwepesi mkononi, na unapoteza zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi ya unene uleule. Muuzaji atakuapia kwa mama yake. We kwangua.

Nina dakika ngapi? Eh. Haya, fyuzi.

Fyuzi hailindi redio. Nasema tena maana hili watu wanaliitikia halafu wanaenda kufanya vingine: fyuzi inalinda waya. Na waya unaanzia kwenye betri, kwa hiyo fyuzi inakaa kwenye betri, kiganja kimoja kutoka kwenye kichwa cha betri, sio kule kwenye redio. "Mzee, redio yangu ina fyuzi nyuma." Sawa, na ule waya wote toka betri mpaka hapo unalindwa na nani? Ukibanwa na mlango wa gari, ukakatwa na bati, shoti inatokea katikati, fyuzi yako iko mwisho wa safari inasubiri umeme ambao haufiki. Betri inayowasha injini inatoa mamia ya ampea kwa starta tu, ukiipiga shoti inatoa zaidi, waya unakuwa mwekundu kama wa pasi ndani ya begi lako, na begi liko kwenye bajaji, na bajaji iko kwenye foleni ya Ubungo.

Wenye betri za lithiamu wanacheka, wanasema "sisi tuna BMS inakata," yaani saketi ya ulinzi ndani ya betri. BMS inalinda seli zake, haikujui we wala waya wako. Kama imewekwa kukata ampea 100, waya wako mwembamba ukivutwa ampea 60 yenyewe inaona mambo shwari kabisa.

Halafu kile kiboksi cha kugawia. Betri moja, mnatoa HF, mnatoa VHF, redio ya masafa ya karibu, ya wati 50, mnatoa chaja ya redio za mkononi, na simu ya mtu maana lazima awepo mwenye simu. Wengi wanaweka fyuzi moja ya ampea 25 pale kwenye betri wanaona wamemaliza. Kiwaya cha chaja ya simu ni kama uzi, kikipiga shoti hiyo 25 inaweza isishtuke kabisa, kiwaya kitaungua kwanza. Kila tawi na fyuzi yake: HF 25, VHF 15, vichaja 3 au 5, na ile kubwa ya kwenye betri iendane na waya wa kutoka betri kuja kwenye boksi. Na fyuzi ikikatika usiweke karatasi ya sigara. Msicheke, nimeikuta, tena kwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Plagi, haraka. Ile ya kiberiti cha gari ni ya vichaja, ampea 20 usiipitishe hapo. Chukueni zile za Anderson Powerpole, nyekundu na nyeusi, hazina dume wala jike, kwa hiyo betri yangu inaingia kwenye redio yako bila kutafuta adapta usiku. Ila mpangilio wote tufanane, ukiangalia mdomoni ulimi ukiwa juu nyekundu iwe kulia, ukigeuza umemuunguzia mwenzako redio na hela ya kulipa huna. Minya na koleo lake, sio plaizi.

Kuchanganya betri ya maji na ya lithiamu kwa kuziunga moja kwa moja, hapana. Lithiamu imekaa kwenye 13.2 hivi, ya maji 12.7, zitaanza kupeana bila kukuuliza. Tumia hii iishe ndo uhamie ile. Kuna njia za diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, lakini diodi ya kawaida nayo inakula volti yako na tumetoka kulia hapa kwa ajili ya volti.

Sola... sola ilikuwa ndefu, kontrola zinapiga kelele kwenye HF, nilikuja na moja ya kuwasikilizisha lakini naona mwenyekiti anaonyesha saa na chai imeshaingia. Mtanikamata nje. Dada wa TCRA nisamehe nimekula dakika zako.

Kabla hamjatoka, nani amekuja na betri yake leo? Wewe wa kofia. Hebu leta huo waya hapa mbele, na mwenye wembe aje.