Herufi Saba Mezani: Namna ya Kuyasaka Maneno ya Kiingereza

Walimu wangu, wazazi mliojitokeza, shikamooni. Na nyinyi wanafunzi mliojazana viti vya nyuma kama kawaida yenu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo. Mtu kapewa herufi kadhaa. Atayapataje maneno ya Kiingereza yaliyojificha humo? Mcheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa kete zenye herufi, analijua swali hili, na mjaza mafumbo ya magazetini analijua pia. Wengi wenu mna jibu tayari: atayapata aliyezaliwa na Kiingereza kinywani. Mimi jibu hilo silikubali.

Mwezi Julai 2015, huko Ubelgiji, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa. Kifaransa chenyewe hakizungumzi! Alikaa na orodha ya maneno yao kwa takribani wiki tisa, akaikariri, akaenda kuwafunga wenye lugha. Mwaka 2024 akawafanyia Wahispania vilevile, tena kwao, Granada. Na Novemba ya mwaka uleule wa 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kubeba ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Neno lake linalotajwa hadi leo ni FELTY, herufi tano tu. Kwa hiyo tusiogopeshane. Kujua lugha ni kitu kimoja, na kuzikamata herufi ni kitu kingine.

Haya, kazi ianze. Naandika ubaoni herufi saba: A, E, G, I, N, R, T. Herufi saba zisizojirudia hupangika kwa namna 5,040, na hakuna binadamu anayezipitia zote huku saa ya mashindano ikimhesabia. Nani ameshaona kitu? Naam, binti pale amesema ING. Vizuri sana. Ichomoe ING, iweke kulia. Zimebaki A, E, R, T. TEAR, yaani kurarua. Unganisha: TEARING. Umemaliza herufi zote saba, na kwenye Scrabble hapo unaongezewa pointi 50.

Hivi ndivyo wengi hufundishwa: tafuta viambishi vya mwisho kama ING, ED, EST, kisha vya mwanzo kama RE, UN na OUT. Ni njia nzuri, na ina madhara yake. Ukishaiona ING, jicho linagoma kuiachia. Hebu tuivunje kwa makusudi. GRANITE, lile jiwe gumu. TANGIER, chenye ladha kali zaidi. INGRATE, mtu asiye na shukrani, na humo ING imehamia mwanzoni kabisa! Herufi ni zilezile saba. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hawaachi kuzichezesha kete zao kwenye kibao. Wanavuruga kila mpangilio kabla macho hayajauzoea. Ukiwa na karatasi, ziandike kwa duara badala ya mstari, maana mstari unakulazimisha kusoma kuanzia kushoto.

Sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Tumejifunza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, basi mkono ukishika konsonanti unaitafutia irabu papo hapo. Kiingereza hakina huruma hiyo. STRENGTHS ina herufi tisa na irabu moja. RHYTHM haina hata moja kati ya A, E, I, O na U. Dawa ni kuuzoeza mkono kuzibandika STR, TCH na GHT pamoja bila aibu, hata kabla hujajua neno lenyewe ni lipi. Tusilalamike sana, lakini. Orodha ya maneno ya Collins inayotumika mashindanoni imeyapokea SAFARI, UHURU na hata MZEE, na hapo mchezaji wa Nairobi au Tanga hana haja ya kukariri chochote.

Sasa kompyuta. Watu hudhani inashinda kwa kuwa ina nguvu ya kujaribu kila mpangilio. Programu iliyotungwa vizuri haifanyi hivyo. Inachukua kila neno la kamusi na kulipa jina la siri, yaani herufi zake zikipangwa kialfabeti. GRANITE inakuwa AEGINRT. TEARING inakuwa AEGINRT. INGRATE na TANGIER nazo vilevile. Maneno yote manne yanaishi chini ya anwani moja, ukibisha hodi mara moja wanatoka wote. Je, ukitaka na maneno mafupi? Kwa herufi saba zisizofanana, mipangilio ya kila urefu, kuanzia herufi moja hadi saba, ni 13,699. Makundi ya herufi, bila kujali mpangilio, ni 127 tu. Kompyuta inabisha hodi mara 127, basi. Na binadamu anaweza kuiiga: mabingwa wengi hukariri kwa kuangalia AEGINRT na kutaja maneno yake, hawakariri neno lenyewe peke yake.

Lipo swali gumu zaidi, nalo huchanganywa sana na hili: neno lenye herufi fulani pamoja na nyingine usizozijua. Kwa mfano, lenye irabu zote tano. EDUCATION mnaijua. SEQUOIA, ule mti mkubwa wa California, inazibeba kwa herufi saba tu. FACETIOUS inazipanga kwa mfuatano wake, A hadi U. Hapa anwani ya kialfabeti haisaidii, kwa sababu huwajui wapangaji wengine. Kompyuta inapita neno kwa neno ikiuliza: unayo A? unayo E? Sisi tunahitaji ujanja, na ujanja ni kuanzia na herufi adimu. Nikitaka neno lenye E, T, K na J, usianze na E, iko kila mahali. Shika J. J hupenda kukaa mwanzoni. K hupenda kumfuata C, japo C sikukutajia. JACKET. Mwenye kupenda N atapata JUNKET.

Adimu ni zipi? Alfred Butts, msanifu majengo wa New York aliyekosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, alizihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, kwa mkono. Ndiye mbunifu wa Scrabble. Akaipa E kete 12, na J, K, Q, X na Z kete moja moja. S ni ya kawaida mno, lakini aliipa nne tu kwa kusudi, ili watu wasijichumie pointi kwa kugeuza kila neno kuwa wingi.

Maswali nitayapokea, ila kwanza kalamu mkononi. A, E, L, S, T. Zote tano zitumike, hakuna kuongeza. Yapo zaidi ya matano, na simu zibaki mfukoni.