Matunzo ya mtoto yakatwe kwenye mshahara

Assalaam alaykum. Nimeombwa nizungumzie matunzo ya watoto baada ya talaka, na kwa kuwa wengi humu ukumbini Chake Chake, Pemba, mnalipwa mshahara, nitaanzia kwenye makato.

Makato mnayajua. ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata, benki iliyokukopesha inakata, Mfuko wa Huduma za Afya nao unakata, na hakuna anayekuuliza kila mwezi kama umeridhia. Fedha ya mtoto ndiyo tunayomwachia baba ailete mwenyewe, akikumbuka. Asipokumbuka, mama anapanda gari kwenda mahkama ya kadhi kuuliza kama kuna kilicholetwa.

Marekani jambo hili wamelitoa mikononi mwa baba. Sheria ya 1984 iliyataka majimbo yamkate mshahara mzazi mwenye deni la matunzo. Ya 1988 ikataka, kwa kawaida, makato yaanze mara amri inapotolewa, deni lisingojewe. Mwajiri akishakata, ana siku 7 za kazi kuipeleka fedha, na ni marufuku kumfukuza mtu kwa ajili hiyo. Baba naye hakamuliwi mpaka akauke: ukomo ni asilimia 50 ya kipato baada ya kodi na makato ya lazima akiwa na familia nyengine ya kulisha, 60 akiwa hana, na 5 zaidi deni likipita wiki 12.

Lililonipendeza zaidi ni la matibabu. Amri ikitaja bima, mwajiri hupelekewa hati, na mtoto huandikishwa kwenye bima ya kazini hata kama baba hajagusa fomu. Mchango wake hukatwa humo humo.

Kuna atakayesema hayo ni ya Wamarekani. Haya, Hind bint Utba alipomshitakia Mtume (SAW) ubahili wa mumewe Abu Sufyan, aliambiwa achukue kwa wema kinachomtosha yeye na mwanawe. Hakuambiwa angoje apewe.

Uzito uko kwengine: makato humpata mwenye mwajiri, na nje ya ukumbi huu wengi wetu ni wavuvi, wachukuzi, wenye bodaboda. Lakini Pemba tuna karafuu, na kisheria karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali, peke yake. Kwa nini amri ya kadhi isifike kwenye dirisha lile la malipo? Nasikia minong'ono huko nyuma. Wenye mikarafuu, mtanijibu kwenye maswali.