Manukato Mazito ya Maua Hungoja Usiku wa Baridi

Ndugu watazamaji wangu wa nyumbani, hamjambo, na karibuni tena. Kipimajoto cha dirishani kinaonyesha nyuzi mbili, giza limeshatanda tangu saa kumi na moja jioni, na hapa mezani ipo ile chupa nyeusi ambayo wengi wenu mmeniuliza habari zake tangu nilipoionyesha kwa sekunde chache katika video iliyopita. Ndani yake mna Fracas, manukato yaliyotolewa Paris mwaka 1948 kwa jina la mbunifu wa mavazi Robert Piguet, na aliyeyatunga ni Germaine Cellier, mmoja wa wanawake wachache sana walioifanya kazi hiyo katika zama zile. Baadhi yenu mmeniandikia kwamba mliwahi kuyajaribu mkaumwa na kichwa, na kwamba hamwelewi ninayapendea nini. Nadhani sababu naijua, kwa kuwa hata mimi niliyachukia kwa miaka mingi kabla sijahamia huku kwenye baridi: tuliyajaribu mchana wa jua kali, na haya si manukato ya jua.

Moyo wake ni tuberosi, ua jeupe lenye asili ya Mexico, ambalo petali zake ni nene kana kwamba zimepakwa nta. Ua hili hutoa harufu yake kali zaidi giza linapoingia, kwa sababu wanaolihudumia kwa kubeba chavua ni nondo warukao usiku, na mdudu wa gizani huitwa kwa harufu kuliko kwa rangi. Tuberosi na asumini yana tabia nyingine inayonishangaza kila nikiifikiria: huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa, lakini moto wa kuyakeneka, yaani kuyachemsha na kukusanya mvuke wake, huiharibu harufu hiyo. Kwa hiyo mafundi wa zamani wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, waliyapanga maua hayo juu ya vioo vilivyopakwa mafuta ya mnyama yasiyo na harufu, wakayaacha yapumue humo, wakayaondoa na kupanga mengine mabichi mahali pake, siku baada ya siku, mpaka mafuta yakashiba. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa viyeyushi, kwa haraka zaidi. Mimi hubaki na picha ya vile vioo, kwa sababu inaonyesha kwamba harufu ya ua hili, huko karakanani, haipatani na moto.

Ndani ya maua haya meupe mna pia kemikali iitwayo indoli. Ikiwa kidogo, huliletea ua uhai, ile hali ya kukufanya uhisi kwamba unanusa kitu kinachopumua; ikizidi, huleta harufu ya uozo, na kwa hakika indoli hupatikana hata katika kinyesi. Kwa hiyo dada aliyeniandikia kwamba Fracas ina kitu kinachomchefua hakukosea hata kidogo. Pua yake iliigusa indoli, na joto la siku ile likaisukuma mbele ya vingine vyote.

Harufu hutufikia ikiwa imegeuka mvuke, na mvuke hulihitaji joto. Hewa inapokuwa na nyuzi 32 au zaidi, manukato mazito hupanda kutoka mwilini kwa wingi na kwa pamoja, ua juu ya ua, bila nafasi ya kupumua katikati, na mtu hujiona amefungiwa katika chumba kilichojaa maua yaliyokaa siku tatu ndani ya maji. Katika hewa ya nyuzi mbili, mambo hugeuka. Manukato mepesi ya limau na machungwa, yanayotuburudisha sana wakati wa joto, huku hufifia mapema na kumwacha mtu bila kitu, hasa kwa kuwa hewa baridi na kavu huidhoofisha hata pua yenyewe. Manukato yenye maua mazito, yaliyoegemezwa juu ya sandali na miski, ndiyo hupata nguvu ya kuivuka baridi hiyo, tena huivuka polepole, kiasi kwamba unaweza kuzitambua sehemu zake moja baada ya nyingine.

Ngoja nipulize mara moja hapa, upande wa ndani wa kiwiko. Dakika ya kwanza kuna ukali wa maganda ya chungwa na ubichi kama wa shina la ua lililovunjwa mkononi. Kisha tuberosi inapanda, nene na laini kama siagi, ikiwa na ubaridi fulani kwa nyuma, kama dawa ya kuchua misuli iliyopakwa mbali nawe. Ubaridi huo si kasoro, upo katika ua lenyewe. Mkono wa kushoto nilipulizia saa moja iliyopita, na hapa ukali umekwisha kabisa: asumini imejitokeza, sandali iko chini yake, na ngozi inanukia kana kwamba harufu hiyo ni yake ya kuzaliwa.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote hutokea mlangoni. Umetembea dakika ishirini katika baridi, koti limefungwa hadi kidevuni, na njia nzima hukusikia harufu yoyote. Unaingia ndani kwenye joto, unafungua kifungo cha juu, unaanza kuizungua skafu shingoni mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, na harufu iliyokuwa imelala chini ya sufu inainuka yote kwa mara moja, ya moto, ikakupanda usoni. Mwenyeji aliyekuja kukupokea koti husita kidogo na kuuliza ni kitu gani hicho. Jambo hilo haliwezekani mahali ambapo watu hawavai makoti, na ndilo lililonibadilisha mawazo.

Nilichelewa kujifunza kipimo. Katika majira yangu ya kwanza ya baridi nilidhani kwamba ubaridi utayameza manukato, hivyo nikajipulizia mara sita juu ya koti na kupanda basi lililokuwa limewashwa vipasha joto. Hazikupita dakika kumi, mama mmoja aliyeketi jirani yangu alijifunika pua kwa kitambaa, akavumilia kituo kimoja, kisha akahama kiti bila kusema neno. Niliumia, kwa kuwa nilikuwa nimemnyima mtu hewa katika chombo ambamo hangeweza kushuka apendapo. Koti lilikuwa limeishika harufu yote, na ndani ya basi lile palikuwa na joto lile lile la mchana tulilokuwa tukililalamikia.

Tangu siku ile napuliza mara mbili tu, tena kwenye ngozi na kabla ya kuvaa: mara moja kifuani, mara moja nyuma ya shingo, halafu nasubiri dakika kumi ndipo nivae sufu juu yake. Baridi hukausha ngozi, na ngozi kavu huyapoteza manukato upesi, kwa hiyo hutangulia kupaka mafuta yasiyo na harufu. Usiyasugue manukato ngozini. Acha yakauke yenyewe. Na usijiongezee baada ya nusu saa kwa sababu huisikii harufu tena, kwani pua huizoea harufu inayokaa nayo na kuacha kuitangaza, ilhali walio karibu nawe bado wanaipata vizuri sana. Ya kwangu ni ya kiwango kiitwacho eau de parfum, ambacho kwa kawaida huwa na mafuta ya harufu ya asilimia 15 hadi 20, na kwa tuberosi kiwango hicho kinatosha mpaka usiku wa manane.

Kaka mmoja aliuliza kama mwanamume anaweza kuyatumia. Anaweza, na kwenye ngozi yenye joto chini ya koti zito yanampendeza mno. Ua halina jinsia.

Anayeiona Fracas kuwa nene mno namshauri aanze na Carnal Flower, iliyotungwa na Dominique Ropion mwaka 2005, ambayo ni tuberosi yenye majani mabichi na hewa zaidi. Anayetaka kuona ubaridi wa ua hilo ukiwekwa mbele kabisa, atafute Tubéreuse Criminelle ya Serge Lutens, ambayo mwanzo wake unaukaribia mno ule wa dawa ya kuchua. Poison ya Dior, ya mwaka 1985, naitaja kwa tahadhari, kwa sababu iliwahi kuwa kali kiasi cha baadhi ya mikahawa ya Marekani kuikataa milangoni. Nayo ni nzuri, ila mpulizo mmoja unatosha, na uwe chini ya nguo.

Nanyi mlio kwenye joto mnaweza kuyajaribu, mradi mngoje usiku wa manane, mvua ikiwa imekatika na hewa imepoa, mpulize mara moja tu nyuma ya goti, ambako harufu hupanda taratibu. Jaribuni kwenye ngozi na si kwenye karatasi, na msitoe hukumu kabla ya saa moja kupita.

Mimi nimealikwa kwa chakula cha usiku ng'ambo ya mto, na ni mwendo wa miguu. Dakika zangu kumi zimetimia, ngozi imekauka, skafu ni hii hapa.