Nukta Ngapi?

PENDO: Karibuni jamani. Ni Pendo hapa, na Elia yupo. Huo mkwaruzo mnaousikia ni kalamu yake. Elia, salimia watu.

ELIA: Mia moja thelathini na tisa, mia moja arobaini. Hamjambo wapendwa! Kisanduku cha kwanza kimekwisha.

PENDO: Anahesabu nukta za mkono wangu. Jumamosi nilikwenda kuchorwa ile tatuu. Wale wa siku nyingi mnaijua hadithi yake, sirudii. Ni mpira mmoja tu, chini ya kiwiko kwa ndani, na hauna mstari hata mmoja. Ni nukta tupu. Nimekaa kwa muda wa saa nne, na mashine haikuwashwa. Sindano ya mkono: anadunga, anadunga, anadunga, anafuta, anadunga.

ELIA: Na leo tumepanga mambo matano ya kujua kabla hujachorwa tatuu ya nukta. Nimeyaandika hapa, yako kwa mpangilio.

PENDO: Tutayafikia.

ELIA: Lakini simulia kwanza ile chafya.

PENDO: Saa ya tatu hivi ilikuwa. Pua ikaanza kuwasha. Nikataka kumwambia "ngoja", lakini neno na chafya vikatoka pamoja. Sindano ikashuka nje ya duara, kama nusu sentimita. Nukta moja, nyeusi, peke yake. Mchoraji akanyamaza, na mimi nikanyamaza. Halafu akasema anaweza kuizungushia nyingine, zionekane kama vumbi linalotoka kwenye mpira, hakuna atakayejua. Nikamwambia aiache ilivyo.

ELIA: Kwa nini?

PENDO: Kwa sababu hizo zingine zote nilizipokea kwa jumla. Ile ndiyo ninayoijua yenyewe. Nikiitazama nakumbuka hata dirisha lilikuwa upande gani.

ELIA: Basi hapo ndipo mimi nilipokamatika. Nikamuuliza, mpira wote una nukta ngapi? Hakujua. Mchoraji naye hakuwa na hesabu. Mtu umepigwa sindano saa nne na hakuna anayejua idadi! Nikaomba picha, nikaikuza kwenye skrini, nikaichora visanduku vya sentimita moja moja. Mkono wenyewe sijaugusa, maana bado unabanduka.

PENDO: Na hutaugusa.

ELIA: Kile cha giza kabisa kina 140. Ngoja nihesabu cha katikati, wewe endelea.

PENDO: Niendelee na nini? Haya, niseme kitu ambacho sikukijua mpaka nilipoona mwenyewe. Mpira wangu unaonekana umetuna kwenye ngozi, una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Lakini wino ni mmoja, mweusi uleule. Hakuuchanganya na maji, hakuna kijivu popote. Pale panapoonekana kijivu ni nukta zilezile nyeusi, ila zimeachana. Jicho lako ndilo linalochanganya wino na ngozi. Kwa hiyo mchoraji wa nukta kazi yake kubwa ni kupanga mahali ambapo hatadunga.

ELIA: Kama picha za gazeti. Ukilisogeza gazeti puani unaona vidoadoa, uso wa mtu umepotea.

PENDO: Hesabu wewe.

ELIA: Hamsini na mbili! Cha katikati kina 52. Na hiyo akili ni ya zamani kuliko gazeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 alikuwepo fundi wa kuchonga bamba za shaba huko Italia, Giulio Campagnola. Wenzake walikuwa wanatengeneza kivuli kwa mistari, yeye akaanza kutumia vinukta, ili kivuli kiwe laini kama pumzi. Halafu ukaja uchoraji wa kisayansi, mifupa, wadudu, majani, nukta tupu, kwa sababu kiwanda cha chapa wakati ule kilijua weusi na weupe basi. Ndiyo maana leo ukiangalia tatuu za nukta unakutana na mende, mafuvu na majani ya mkangaga. Michoro ile ya vitabu imehamia kwenye ngozi.

PENDO: Na Seurat.

ELIA: Seurat naye, Ufaransa, mwaka 1886 akaonyesha ile turubai yake kubwa ya watu kando ya mto siku ya Jumapili, kama mita 2 kwa 3, yote vidoa vya rangi. Sasa iko Chicago. Ila yeye alikuwa na rangi zote. Mchora tatuu ana nyeusi na ngozi ya mteja. Mimi naona huyu wa tatuu ana kazi ngumu zaidi.

PENDO: Na turubai haipigi chafya.

ELIA: Haipigi! Kumi na moja. Cha pembeni kina 11. Sasa sikiliza: 140 na 52 na 11, gawanya kwa tatu, ni 67 na ushei. Mpira wako una upana wa sentimita 8, eneo lake ni kama sentimita 50 za mraba. Zidisha. Ni 3,383.

PENDO: Acha!

ELIA: Subiri. Nimeijaribu na kwa njia ya pili. Saa nne, toa kupumzika, kufuta na kunywa maji, tuseme saa tatu za kudunga. Ni sekunde 10,800. Anadunga mara moja kwa sekunde?

PENDO: Kama hivyo. Lakini nukta moja haitoki kwa kudungwa mara moja. Anairudia mara mbili, mara tatu, mpaka ikolee.

ELIA: Mara tatu! Gawanya kwa tatu, ni 3,600. Pendo, njia mbili tofauti na zinakaribiana hivyo!

PENDO: Nimepata msisimko, nisiseme uongo. Lakini hesabu yako ya kwanza ina kasoro. Visanduku havilingani. Giza ni mwezi mwembamba tu upande wa chini. Visanduku vya nukta 140 haviwezi kuzidi vitano au sita. Vilivyobaki ni vya mwanga. Huwezi kuchukua vitatu ukavipa uzito sawa.

ELIA: Basi navihesabu vyote hamsini.

PENDO: Leo?

ELIA: Leo. Wewe ongea.

PENDO: Haya. Watu wameniuliza kwa nini mkono na si mashine. Mashine inafanya nukta vizuri sana, na wengi wa mtindo huu wanaitumia. Unapunguza kasi, au unaipitisha sindano haraka ili midungo iachane. Kinachotakiwa kwa njia zote mbili ni kina. Wino unatua kwenye ngozi ya ndani, milimita moja mpaka mbili hivi. Ukiishia juu, nukta inaondoka na ngozi inayobanduka. Ukizama sana, wino unasambaa chini na nukta inakuwa doa la bluu. Kwenye tatuu ya mistari kosa kama hilo linaweza kujificha. Kwenye nukta linakutazama.

ELIA: Tisini na saba. Na hapo kwenye mashine nina hadithi ninayoipenda kuliko zote. Samuel O'Reilly, New York, mwaka 1891, ndiye aliyepata hataza ya mashine ya umeme ya tatuu. Aliitoa wapi? Kwenye kalamu ya umeme ya mvumbuzi Edison ya mwaka 1876. Na kalamu ile haikuwa ya kuandika mstari. Ilikuwa inatoboa karatasi, vitundu vidogo vidogo, halafu unapitisha wino juu unapata nakala. Yaani babu wa mashine ya tatuu alikuwa mtoboa nukta! Baadaye watu ndio wakamfundisha mistari.

PENDO: Hiyo ni nzuri.

ELIA: Na kabla ya hapo tatuu zote duniani zilikuwa nukta. Hata yule mtu wa kwenye barafu, Ötzi.

PENDO: Hapana, hapo umekimbia. Maiti ya Ötzi ilipatikana mwaka 1991 kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia, ina zaidi ya miaka 5,000, na tatuu zake ni 61. Lakini ni vistari na misalaba midogo.

ELIA: Vistari vinavyotokana na nini?

PENDO: Kuna wanaosema vilidungwa, na kwa muda mrefu ilisemwa ngozi ilikatwa ikapakwa masizi. Hata kama vilidungwa, aliyevichora alikusudia mstari. Huu mtindo ninaouzungumzia mimi unakusudia nukta ionekane kuwa nukta. Umepata sura yake London miaka ya 1990. Kulikuwa na studio ya Into You, iliyofunguliwa mwaka 1993 na Alex Binnie, na kulikuwa na Xed LeHead, ambaye wachoraji wengi wa nukta wanamtaja wa kwanza. Jiometri juu ya jiometri, miili mizima. Walikuwa wanatazama michoro ya Polinesia, ya India, ya Tibet, wanaiweka pamoja.

ELIA: Ndiyo maana mimi nataka mandala, lile duara la michoro ya dini za Asia. Kwenye goti.

PENDO: Elia.

ELIA: Nimeshaamua.

PENDO: Mandala gani?

ELIA: Ile yenye ua la yungiyungi katikati na yale maandishi ya Thailand pembezoni.

PENDO: Yale maandishi ni ya sak yant, tatuu takatifu za kule. Yanachorwa kwa fimbo ndefu ya chuma, na baadhi ya wanaoyachora ni watawa, na wanayasomea dua. Unamwendea mtu ambaye hajui herufi hata moja, akunakilie dua kwenye goti? Na miguu, kwa watu wenye imani hiyo, ndiyo sehemu ya chini kabisa ya mwili.

ELIA: Duara lililogawanywa mara kumi na mbili si la mtu. Chukua bikari, wewe mwenyewe utalipata.

PENDO: Basi chora hilo la bikari, acha yungiyungi na herufi. Unataka hesabu au unataka utakatifu wa wenzako?

ELIA: Nataka uzuri. Mtu akiona kitu kizuri akakibeba mwilini maisha yake yote, amekidharau vipi? Mimi nitakufa nacho.

PENDO: Mwaka 2014 mtalii kutoka Uingereza alifukuzwa Sri Lanka kwa sababu ya tatuu ya Buddha mkononi. Na Thailand tangu mwaka 2011 serikali yenyewe imelalamikia watalii wanaochorwa sanamu za dini kama mapambo. Wenye kitu wanasema wanaumia. Kwangu hilo linatosha.

ELIA: Maliza kisa. Yule mtalii alikuwa mfuasi wa dini hiyo, alichora kwa heshima. Na mwaka 2017 mahakama ya juu kabisa ya Sri Lanka ikaamuru alipwe fidia. Wenye kitu haohao walisema alionewa.

PENDO: Ni sawa alionewa, kwa sababu alikuwa mfuasi. Wewe je?

ELIA: Mimi ni mtu ninayeheshimu.

PENDO: Heshima ingekupeleka kuuliza kwanza.

ELIA: Na Campagnola aliuliza nani? Watu wa London uliowasifu dakika mbili zilizopita waliuliza nani? Unaupenda mtindo, halafu unaukataa ulikotoka.

PENDO: Naupenda, na ninajua ulikotoka, ndiyo sababu nilichagua mpira.

ELIA: Sikubaliani na wewe.

PENDO: Wala mimi. Na siku ukiuchora sitakuja kukushika mkono.

ELIA: Nitakuwa na maumivu ya goti peke yangu?

PENDO: Peke yako. Nasema kweli.

ELIA: Sawa.

PENDO: Sawa.

ELIA: Mia moja kumi na nane. Hicho ni cha tano.

PENDO: Jumla?

ELIA: 140, 52, 11, 97, 118. Ni 418.

PENDO: Kabla muda haujaisha niseme la wino, kwa sababu linahusu hesabu yako pia. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba wino unakaa ndani ya seli za kinga za ngozi. Seli inaumeza. Seli ikifa, inauachia, na inayofuata inaumeza palepale. Tatuu inadumu hivyo, kwa kupokezana. Lakini kila miaka ikipita, nukta inanenepa kidogo. Kwa hiyo mchoraji mzuri anaacha nafasi ya huo unene. Akizibana ziwe nzuri leo, baada ya miaka mingi zinagusana na kivuli kinakuwa kiraka. Mimi nilitaka giza liwe zito zaidi, akanikatalia. Aliniambia, "Huo mpira hautakuwa huu ukiwa na miaka sitini." Niliondoka nimekasirika kidogo. Sasa namshukuru.

ELIA: Na hakuzipanga kwa safu, nimeona. Hakuna safu hata moja.

PENDO: Zikikaa kwenye safu jicho linaona mstari. Anazitawanya, anageuza mkono, anarudi kutoka upande mwingine. Kutawanya bila mpangilio kunahitaji umakini ajabu.

ELIA: Pendo, dakika mbili zimebaki, na mambo matano hatujagusa hata moja.

PENDO: Soma la kwanza.

ELIA: La kwanza: omba kuona picha za kazi za mchoraji zilizopona, za miaka, si za siku ileile. La pili...

PENDO: La pili litakula dakika kumi, najua ni lipi. Liache. Ile ya chafya umeiandika wapi?

ELIA: Sijaiweka kwenye kisanduku chochote. Iko nje ya duara.

PENDO: Iandike peke yake.

ELIA: Nimeiandika peke yake, juu kabisa ya karatasi. Sogeza taa kidogo. Kisanduku cha sita. Moja, mbili, tatu, nne...