Mkubwa wa Michezo Hafungi Goli

(Mazungumzo na kamati za michezo za wanafunzi, Lubumbashi)

Jambo yenu. Wazee wetu, wamama na wababa, na ninyi vijana mliotoka Kasapa kwa miguu kwenye jua hili, jambo yenu yote. Nimepewa dakika arobaini na tano. Mwenye saa amekaa hapa mbele na ananitazama, kwa hiyo sitazunguka.

Nianze na kombe. Nenda mtaa wa Kamalondo, mwulize mtoto wa miaka kumi Mazembe, timu ya mpira ya mji huu, imechukua ubingwa wa Afrika mara ngapi. Atakuhesabia vidole: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Mkono mmoja umejaa. Sasa mwulize lile la 1967 lilikujaje. Hapo atanyamaza, na baba yake pengine atanyamaza pia. Wakati ule timu ilikuwa inaitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Fainali ilikuwa na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza sare, ya pili sare. Ikaamuliwa warudiane mara ya tatu. Kotoko hawakutokea, kwa sababu huko kwao taarifa ya mechi haikuwafikia. Kombe likaja kwetu.

Naona watu wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa mjini, wanacheka. Chekeni, lakini msinogewe, nyie nitawafikia.

Wachezaji wa Kotoko hawakukosa kitu. Miguu walikuwa nayo, viatu walikuwa navyo. Aliyekosekana ni mtu wa kuitoa karatasi kwenye meza moja na kuifikisha kwenye nyingine. Mtu huyo ndiye niliyekuja kumzungumzia. Nimekuwa yeye kwa miaka kumi na tisa, katika chuo ambacho sitakitaja, maana mengi nitakayosema ni makosa, na makosa mengi ni yangu mwenyewe.

Watu wakisikia mkubwa wa michezo wanafikiri ni mtu wa suti anayekaa jukwaani. Mimi siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo. Ufunguo wa stoo, umefungwa kwa kamba ya kiatu. Ndani kulikuwa na mipira tisa, minne haina upepo, na pampu isiyo na sindano. Sindano alikuwa nayo kapteni wa kitivo kimoja, ameificha nyumbani kwa mama yake kule Katuba, kwa sababu aliyekuwa na sindano ndiye aliyekuwa na mazoezi. Wengine wote walikuwa wanamwomba. Nilimfuata mpaka kwao. Akaitoa kwenye mfuko wa shati, akailowesha kwa mate kama mtu anayetaka kuanza kazi, akaniambia: "Papa, ukiichukua hii, watu watakuja kulia kwako badala ya kulia kwangu."

Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote iliyofuata sikusikia mtu akiieleza kazi hii vizuri kuliko yeye. Kazi ni kugawa. Kiwanja ni kimoja, timu ni kumi na nne. Basi ni moja. Mvua inaanza Novemba, kiwanja kinageuka matope mekundu, na kila mtu anataka ile saa moja kabla mawingu hayajafunga. Kama mama mwenye sufuria ndogo ya sombe, majani ya muhogo, na watoto wengi, lazima mtu aamue nani anapakuliwa kwanza, na anayeamua hatapigiwa makofi.

Sasa twende mbali kidogo, kwa wale ambao kazi hii wameifanya kuwa taaluma kamili. Marekani kila chuo kikubwa kina mkurugenzi wa michezo, na wengine mshahara wao unamzidi rais wa chuo. Nimechagua mmoja, Gene Smith, mtu wa Cleveland. Kijana alicheza mpira wa Kimarekani chuo cha Notre Dame na timu ikawa bingwa wa taifa mwaka 1973. Baadaye akawa kocha msaidizi hapohapo, wakachukua tena mwaka 1977. Kisha akaacha. Akaenda kufanya kazi kampuni ya kompyuta, IBM. Ukisoma habari zake utaona watu wanapita hapo haraka, lakini mimi naona ile miaka ya IBM ilimfundisha kuliko medali. Mchezaji amezoea kuitwa. Mwuzaji lazima abishe hodi, aambiwe hapana, kesho arudi. Nani kati yetu amewahi kuomba pesa za usafiri kwa wakubwa wa chuo? Basi mnajua ninachosema.

Mwaka 1986 akawa mkurugenzi Eastern Michigan, chuo cha wastani, si cha kutangazwa sana. 1993 akaenda Iowa State, 2000 Arizona State, na 2005 Ohio State, alikokaa mpaka 2024. Ohio State ina michezo 36 ya mashindano. Kuna mpira, kuna kuogelea, kuna hata timu ya kulenga shabaha kwa bastola. Kinacholisha nyumba nzima ni mpira wao wa Kimarekani, uwanja wa watu zaidi ya 100,000, na pesa za televisheni. Mwaka 2022 ligi yao, Big Ten, ilisaini mkataba wa televisheni wa miaka saba unaozidi dola bilioni 7. Mtoto mmoja anafanya kazi, ndugu thelathini wanakula.

Sisi hapa tunaujua mtindo huo, ila mlezi wetu alikuwa mwingine. Lupopo, nilisema nitawafikia, walizaliwa 1939 kwenye reli. Mazembe mwaka huohuo mikononi mwa mapadre wa Benedikto, baadaye likaja jina la matairi. Mji huu umechezea mpira mgongoni mwa reli, misheni na shaba. Michezo ya chuo ndiyo haikupata mgongo. Tuna minervali, yaani ada ya masomo, na michango ya wanafunzi, basi.

Na hata wenye pesa hukwama kwenye kugawa. Julai 2020, korona imefunga viwanja, Stanford ilitangaza itafuta michezo 11 kati ya 36 yake. Chuo tajiri sana kile. Wachezaji wa zamani wakapiga kelele, wengine wakaenda mahakamani, na Mei 2021 chuo kikarudisha yote 11. Pesa zilipatikana. Nikajiuliza, miezi kumi wale vijana walilala vipi?

Lakini nilitaka kuwaonyesha kugawa kwa aina nyingine, na hapa nitakaa kidogo. Desemba 2010 ilijulikana kwamba wachezaji watano wa Ohio State waliuza pete zao za ubingwa na vitu vingine vya timu, wakapata pesa na kuchorwa tatuu. Kanuni za wakati ule zilikataza. Leo mchezaji anaruhusiwa kupata pesa kwa jina lake tangu 2021, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji, mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Walichoadhibiwa wale vijana leo kwa sehemu kubwa kingekuwa biashara. Ila sheria ni ya siku yake. Ikagundulika pia kwamba kocha, Jim Tressel, alijua mapema akanyamaza. Mei 2011 akajiuzulu.

Msimu wa 2011 ukaenda vibaya: ushindi sita, vipigo sita. Mwisho wa msimu wakaalikwa kwenye mechi ya heshima, Gator Bowl. Adhabu ya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo, ilikuwa bado haijatangazwa. Chuo kingeweza kujifungia chenyewe kisicheze mechi ile, kiseme: tumekosea, tunaanza kulipa leo. Hakikufanya hivyo, viongozi wakitarajia hawatafungiwa. Desemba 20 shirikisho likatoa hukumu: mwisho wa msimu wa 2012 hamchezi. Gator Bowl wakaenda, wakafungwa na Florida 24 kwa 17. Msimu wa 2012 wakawa na kocha mpya, Urban Meyer. Wakacheza mechi 12, wakashinda 12. Halafu wakakaa nyumbani, wanatazama wengine kwenye televisheni.

Mnaona kilichogawiwa hapo? Adhabu. Iliondolewa kwenye msimu mbovu uliokuwa tayari umeshaharibika, ikawekwa kwenye msimu mzuri wa vijana ambao wengi wao hawakuuza pete yoyote. Wengi walimlaumu Smith, mkurugenzi wao, na mimi nasema alikosea. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi pia ningekosea, kwa sababu ni vigumu kurudisha nyama iliyo kwenye sahani kwa ajili ya njaa ya mwakani. Hakukimbia, lakini. Alibaki miaka mingine kumi na zaidi kwenye kiti kilekile, na Januari 2015 chuo kikawa bingwa wa taifa.

(Swali kutoka nyuma: "Papa, na wewe uliwahi kugawa vibaya?")

Dada huyu hakusubiri nimalize. Sawa.

Timu ya wasichana ya basketi ilikuwa na mechi Likasi, Jumamosi asubuhi. Kama kilomita 120, unatoka alfajiri. Basi niliwaahidi wiki tatu kabla. Ijumaa jioni nikapigiwa simu na mkubwa mmoja: wavulana wa mpira wanataka basi, wana mechi Kipushi, na kuna wageni watakuja kuwatazama. Kipushi! Mtu anaweza kwenda Kipushi kwa taksi. Lakini mkubwa ameshasema, na mimi nilitaka anipende. Nikasema ndiyo.

Kumbe kosa halikuishia hapo. Nilitakiwa kuwaambia wasichana. Nilikutana na mwanafunzi anayesoma na kapteni wao, nikamwambia: mwambie basi hakuna, wataenda wiki ijayo. Nikaenda kula bukari yangu, ugali wetu, nikalala.

Saa kumi na moja alfajiri wasichana walikuwa kwenye geti, wote kumi na mmoja, na mabegi yao. Yule mwanafunzi hakuwaambia. Mwenzao mmoja alikuwa ameamka usiku kukaanga mikate ya njiani, ndoo nzima, imefunikwa kitambaa. Wakasubiri mpaka saa mbili. Kule Likasi wakaandikiwa forfe, yaani wameshindwa bila kucheza. Mikate wakaila pale getini na mlinzi. Jumatatu napita, mlinzi akanisalimia kwa furaha kabisa: "Patron, mikate ya watoto wako ilikuwa mizuri."

Nimewacheka ndugu wa Ghana hapa mwanzo, mlinisikia.

Marekani mwaka 1972 walipitisha sheria inayokataza chuo kinachopokea pesa za serikali kubagua kwa jinsia, na michezo ikaingia humo. Mwaka 1975 Judy Sweet akapewa kuongoza michezo yote, ya wanaume na ya wanawake, kule San Diego kwenye Chuo Kikuu cha California. Mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa shirikisho lote, NCAA. Mimi hapa nilikuwa bado naona basi ni la mpira, na basketi ya wasichana ni ya kusaidiwa ikibaki nafasi. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na hakuna aliyenikataza.

Nilimwita kapteni ofisini kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi: wakubwa, wageni, mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Papa, basi ungewapa tu. Ungetuambia." Akasimama akaomba ufunguo wa stoo, kwa sababu walikuwa na mazoezi saa tisa.

Ufunguo huo nilipostaafu nilimwachia yeye. Kamba ya kiatu ameibadilisha. Sasa kila Ijumaa jioni anapiga simu mwenyewe kwa kila kapteni, hata kama hakuna kilichobadilika, na wengine wanalalamika kwamba anawasumbua. Ndiye aliyekaa hapa mbele na saa, na ameshaninyooshea vidole viwili. Swali moja zaidi, halafu nampisha.