Waasia, Harvard na ile alama ya utu

Haya jamani tuanze, walioko nje watatukuta njiani. Nimeombwa niongelee hii ishu ya vijana wa Kimarekani wenye asili ya Asia na vyuo vile vigumu kuingia, na naona wazazi wengi hapa mna watoto wanaojiandaa kuomba kule, basi niwatoe hofu mapema: namba ntakazotaja ni za raia na wenye green card, mtoto anayeomba akiwa Dar au Nairobi anahesabiwa kwenye fungu la wanafunzi wa kigeni. Tuendelee.

Novemba 2014 kikundi kinaitwa Students for Fair Admissions kiliishtaki Harvard kwamba inawabagua Waasia. Aliyekianzisha ni Edward Blum, na Blum mwenyewe sio Muasia, ni mzungu, ndo yuleyule aliyekuwa nyuma ya kesi ya binti wa kizungu Abigail Fisher dhidi ya chuo kikuu cha Texas, aliyedai kanyimwa nafasi kwa sababu ya rangi yake, ile iliyogonga mwamba 2016. Kwahiyo jamaa alikuwa na lake. Ila sie wambea tulifaidi, maana kesi iliposikilizwa Boston Oktoba 2018 Harvard ikabidi ianike jinsi inavyochagua watu.

Iko hivi. Faili lako likifika unapewa alama ya masomo, ya shughuli za nje ya darasa, ya michezo, alaf kuna moja ya utu wako, yani ukarimu, ujasiri, kama unapendeka na vitu vya namna hiyo. Moja ndo bora, ukishuka kuelekea sita umekwisha. Waasia kwenye masomo walikuwa juu ya wazungu, kwenye shughuli za nje nao walikuwa juu, wakifika kwenye utu wanashuka. Sasa hapa nisikilizeni vizuri maana kwangu mi kesi nzima iko hapa: kuna wazee waliosoma Harvard zamani, wako kila mji, hao wanakaa na mtoto ana kwa ana wanamhoji, na hao waliwapa Waasia alama za utu karibu sawa na wazungu. Waliowashusha ni maafisa wa ofisini, ambao wengi wa hao watoto hawajawahi hata kuwaona, wanasoma makaratasi tu. Jaji Allison Burroughs mwaka 2019 akasema hakuona ubaguzi wa makusudi, huenda tofauti inatokana kwa sehemu na barua za walimu za kuwapendekeza wanafunzi, ila humohumo kwenye hukumu akagusia kwamba hao maafisa mafunzo kidogo ya upendeleo usio wa makusudi yangewafaa. Ukisikia jaji anakupa ushindi alaf anakushauri ukasome, jua kuna kitu kakiona.

Na mchezo huu Harvard waliuanza zamani. Miaka ya 1920 rais wa chuo, Lawrence Lowell, aliona Wayahudi wamezidi mmoja kati ya watano, akataka kikomo cha asilimia 15, maprofesa wakakataa, basi wakazunguka: leta picha, tutaangalia na tabia. Wayahudi wakapungua bila kikomo kuandikwa popote.

Turudi kwenye namba. Waombaji walio kumi bora wa kila mia kimasomo, Waasia walichukuliwa asilimia 12.7, wazungu 15.3, Walatino 31.3, weusi 56.1. Hiyo ya mwisho ndo iliyopigiwa kelele, na najua hapa ndani inatuchoma, lakini siifichi. Ninachouliza ni kwa nini 15.3 haikupigiwa kelele. Maana wazungu waliochukuliwa, asilimia 43 walikuwa wanamichezo wa kusajiliwa, au watoto wa waliosoma palepale, au wa wafanyakazi wa chuo, au wako kwenye orodha ya mkuu wa udahili ambayo ina watoto wa wafadhili. Kwa Waasia, weusi na Walatino hiyo haifiki 16. Wachumi walioipiga hii hesabu, mmoja wao Peter Arcidiacono ambaye alikuwa shahidi wa upande wa Blum kabisa, wanasema robo tatu ya hao wazungu wasingepita bila huo mlango. Sasa Muasia nafasi yake kachukua nani?

Kesi ilipanda ngazi, na tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikapiga marufuku kutumia rangi kuchagua wanafunzi. Mwaka uliofuata, kati ya wanafunzi wapya wa chuo cha MIT, Waasia wakapanda kutoka asilimia 40 hadi 47 na weusi wakaporomoka kutoka 13 hadi 5. Harvard Waasia walibaki 37 vilevile, chuo cha Yale wakashuka kutoka 30 hadi 24, mtu akiwaambia anajua kwa nini muulizeni vizuri, kwa sababu pia watu wameanza kuacha kujaza lile boksi la asili, Harvard waliogoma kujaza walitoka asilimia 4 hadi 8.

Mlango wa watoto wa waliosoma palepale mahakama haikuufunga. Chuo cha Johns Hopkins waliufunga wenyewe, cha Amherst pia mwaka 2021, jimbo la California wakatunga sheria ya kuufunga 2024. Harvard hadi kesi inaisha ulikuwa wazi.

Maswali? Mama pale, karibu.